Herufi za Kutisha na Ukuta wa Darasa

Katika kukagua mazoezi ya kufundisha, sisi wakufunzi tumeanza kuona desturi mpya ambayo yafaa ijadiliwe katika kurasa hizi kabla haijaota mizizi. Kuta za madarasa ya shule za msingi zinapambwa kwa matangazo yaliyochapwa kwa herufi za kutisha: herufi zinazochuruzika kana kwamba zimechovywa katika damu, herufi zilizotafunwa kingo, herufi zenye miiba, herufi zilizokwaruzwa kama kwa kucha za mnyama. Tumeona "Marufuku kuchelewa" kwa herufi hizo. Tumeona "Ukimwi unaua". Tumeona hata irabu tano za darasa la kwanza zikichuruzika, nyekundu juu ya karatasi nyeusi. Wanachuo waliozitengeneza chati hizo si wavivu. Wengi wametoa fedha yao mfukoni ili wachapiwe mjini, nao husema kwa nia njema kwamba wanataka kuvuta macho ya watoto.

Hatuandiki ili kuzilaani herufi hizi. Zina kazi yake, na kazi hiyo ni ya kupendeza, kama tutakavyoonyesha. Tunachokishindania ni kwamba herufi ya kutisha ni herufi ya kichwa cha hadithi. Ikiondolewa hapo na kupewa kazi ya kufundisha kusoma, au kazi ya kuonya juu ya hatari ya kweli, haiwezi kuitimiza hata moja.

Wapiga chapa wamezoea kuzigawa herufi katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni herufi za matini, ambazo hujaza kurasa nzima za kitabu. Sifa yake kuu ni kwamba msomaji hazioni, huyaona maneno tu. Fungu la pili ni herufi za maonyesho, yaani za vichwa, mabango, majalada na vibao vya maduka, nazo zimekusudiwa zionekane kabla hazijasomwa. Herufi za kutisha zimo katika fungu hili la pili, tena ukingoni kabisa. Anayetumia kompyuta hukutana nazo bila ya kuzitafuta. Fonti iitwayo Chiller huja pamoja na programu za Microsoft Office. Creepster na Nosifer hupatikana bure katika hazina ya Google Fonts. Chiller ni nyembamba na imechanika-chanika kama mstari wa brashi iliyokauka. Creepster ni nene, yenye kingo zilizoliwa, mfano wa vichwa vya katuni za zamani za mizimu. Nosifer huchuruzika. Nyingi za namna hii zimetengenezwa kwa ajili ya sikukuu ya Halloween, tarehe 31 Oktoba, ambapo watoto wa Marekani hujivika vinyago na kugonga milango ya majirani wakiomba peremende. Kwao kitisho hicho ni mchezo wa jioni moja.

Yafaa mwalimu ajue kitisho hicho kimetoka wapi, maana hakikuzaliwa pamoja na herufi. Zitazameni herufi nyeusi, zenye pembe kali, ambazo leo huchapwa kwenye majalada ya hadithi za makaburi na wanyonya damu. Johann Gutenberg alitumia herufi za jamii hiyo kuchapa Biblia mjini Mainz yapata mwaka 1455. Kwa wasomaji wake hazikuwa na kitisho chochote. Zilikuwa herufi za sala. Wajerumani waliendelea kuwafundishia watoto wao kusoma kwa ndugu wa herufi hizo hadi karne ya 20, na ni amri ya chama cha Nazi ya Januari 1941 iliyoziondoa katika matumizi ya serikali. Ni waandishi wa Uingereza, tangu Horace Walpole alipotoa The Castle of Otranto mwaka 1764 na kuiita hadithi ya "Kigothi" katika toleo la mwaka uliofuata, waliozifunganisha zama hizo za kale na magofu, mashimo na mizimu. Herufi zikaingia katika kundi hilo pamoja na kasri na popo, pasipo kosa lao wenyewe.

Baadaye ikaja sinema. Mwaka 1920 filamu ya Kijerumani iitwayo Das Cabinet des Dr. Caligari ilichorewa mandhari yenye nyumba zilizopinda na vivuli vya rangi, na maandishi yake yakachorwa kwa mkono yapinde vilevile. Mahali pamoja maneno yanajiandika hewani, juu ya kuta na miti, yakimwandama daktari aliyepotewa na akili. Hapo herufi ilifanya kazi ya mwigizaji. Mwaka 1959 Tony Palladino alipotengeneza jalada la riwaya ya Robert Bloch, Psycho, hakutumia damu wala miiba. Alichukua herufi nene za kawaida akazipasua na kuzisogeza vipande vyake, basi. Herufi hizo hizo zikatumiwa kuitangaza filamu ya Alfred Hitchcock mwaka 1960, na mpaka leo wengi wetu tunaona kwamba hakuna aliyemzidi: kitisho chote kimo katika kitu kizuri kilichovunjika.

Halafu kuna herufi ambazo hazina kasoro hata moja, nazo zikatisha. Filamu ya Alien ya mwaka 1979 hufunguliwa kwa vijiti vyeupe vyembamba vinavyotokea kimoja kimoja, polepole, juu ya giza la anga, hadi mtazamaji ang'amue kwamba ni jina la filamu. Herufi zenyewe ni nyofu kama za kibao cha ofisi. Ed Benguiat, aliyefariki mwaka 2020, alichora katika miaka ya 1970 herufi za mviringo zenye mapambo zinazobeba jina lake, wala hakukusudia kumtisha mtu. Zikawekwa kwenye majalada ya riwaya za Stephen King, na mwaka 2016 zikawekwa mwanzoni mwa mchezo wa televisheni wa Stranger Things, na sasa kijana akiziona tu husubiri zimwi. Kwa maoni yetu hili ndilo jambo la kukumbukwa: herufi hutisha kwa sababu ya jamaa iliyoandamana nao. Hofu ya popobawa iliyoenea Pemba na Unguja mwaka 1995 haikuhitaji bango wala fonti. Ilisafiri kwa mdomo, na kila aliyeisikia aliichora mwenyewe kichwani.

Mtoto wa darasa la kwanza hajaonana na jamaa hiyo. Hajasoma riwaya ya makaburi, hajui Halloween. Kwake yeye mchuruziko chini ya herufi hauna maana ya damu. Ni sehemu ya herufi. Hapo ndipo matata yanapoanza, nasi twataka tuyaangalie kwa utaratibu.

Chukueni herufi ndogo u, muiongezee mchirizi chini ya mguu wake wa kulia. Mmepata y. Fanyeni hivyo kwa v, nayo itaelekea y pia. Iongezeeni i mchirizi, nayo ni j. Herufi a ikichuruzika upande wa kulia huwa q, na o ikichuruzika upande wa kushoto huwa p. Neno "ua" limekuwa "ya". Neno "nia" limekuwa "nja". Mtu mzima hatatatizika, kwa kuwa halisomi neno herufi kwa herufi. Hulitambua upesi kwa mazoea na kwa msaada wa maneno yaliyo jirani. Lakini huyu mdogo ndiyo kwanza anajifunza kwamba mguu mmoja tu, uliowekwa upande huu badala ya upande ule, hubadili kila kitu. Katika lugha yetu badiliko hilo humgeuza hata mzazi: "baba" na "dada" hutofautiana kwa upande ambao kijiti kimesimama, basi. Mwalimu anatumia wiki nzima kumfundisha mtoto kuuheshimu upande wa kijiti, halafu anabandika ukutani herufi ambazo vijiti vyake huota popote.

Tundu la herufi nalo lina habari yake. Kiswahili ni lugha yenye irabu nyingi. Takriban kila silabi huishia kwa irabu, na irabu tatu kati ya tano, yaani a, e na o, hutambuliwa kwa tundu lililomo ndani. Katika herufi zilizotafunwa au zilizorushiwa matone, matundu hayo huzibika kwanza. Neno la Kiingereza lenye konsonanti nyingi laweza kustahimili. "Kaa", "kea" na "koo" zikizibwa matundu ni kitu kimoja. Kadhalika kuna kitone cha ng'. Katika chati moja tuliyoikagua, kitone cha "ng'ombe" kilipotelea katikati ya matone ya mapambo, na watoto wakasoma "ngombe" kwa sauti ya "ngoma". Si kosa lao. Tena fonti nyingi za bure hazina kitone hicho kabisa, na kompyuta hukiazima kutoka fonti nyingine pasipo kuomba ruhusa, kikatokea chembamba na kinyonge kando ya herufi nene, mfano wa mgeni asiyekaribishwa.

Fauka ya hayo, fonti nyingi za kutisha hazina herufi ndogo. Mkono unapobonyeza a ndogo, hutoka A kubwa ya kimo kingine. Kwa hiyo chati ya irabu iliyokusudiwa kufundisha herufi ndogo hufundisha herufi kubwa tu, na mwalimu asiyeangalia hatambui mpaka chati imekwisha kuchapwa na fedha imekwisha kulipwa.

Wapo watakaotupinga kwa hoja ya kitaalamu, nao wasikilizwe. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba wanafunzi waliosoma maandishi yenye herufi ngumu kidogo waliyakumbuka vizuri zaidi, kwa kuwa ugumu uliwalazimisha kufikiri. Kwa kufuata wazo hilo, Chuo Kikuu cha RMIT cha Melbourne kilitoa mwaka 2018 fonti maalumu, Sans Forgetica, yenye herufi zilizoinama kinyumenyume na kukatika-katika, ikielezwa kuwa ni dawa ya usahaulifu. Ilivuma sana. Lakini wengine walipolipima jambo hilo kwa majaribio makubwa zaidi, na matokeo yao kutangazwa mwaka 2020, hawakuona faida yoyote katika kumbukumbu. Waliona tu kwamba wasomaji walihisi kazi ni ngumu. Na majaribio hayo yote yalifanywa kwa watu wanaojua kusoma. Kuyachukua na kuyatumia kwa mtoto ambaye bado anapigana na b na d ni sawa na kumfundisha mtoto kutembea kwa kumwekea mawe njiani. Rosemary Sassoon wa Uingereza, aliyewauliza watoto wenyewe katika miaka ya 1980 herufi gani zinawafaa, alitoka na herufi nyofu, zenye mkia mdogo wa kutokea, zilizo wazi. Hakuna mtoto aliyeomba damu.

Tuje sasa kwenye hatari ya kweli, maana hapa ndipo tunapoona desturi hii ina gharama kubwa kuliko kuchelewa kusoma. Mwanachuo husema: ikiwa jambo lenyewe ni la kutisha, si herufi nazo zitishe? Hoja hii ina sura ya ukweli, lakini watu ambao kazi yao ni kuonya hawaifuati. Kibao cha "Hatari" kwenye nguzo ya umeme kina picha ya fuvu, lakini neno lenyewe huandikwa kwa herufi nene zilizonyooka. Jock Kinneir na Margaret Calvert, waliotengeneza alama za barabara za Uingereza ambazo zilianza kutumika kote nchini humo mwaka 1965, walichagua herufi nyofu kuliko zote walizoweza kuchora. Dereva aliye mwendoni hana nafasi ya kustaajabia herufi. Mtu aliye hatarini anahitaji kusoma upesi, na kila pambo ni sekunde aliyonyang'anywa.

Hata picha ya kitisho haiaminiki kwa watoto kama tunavyodhani. Mjini Pittsburgh, Marekani, waganga wa hospitali ya watoto waliona kwamba fuvu na mifupa iliyopishana, ambayo ni alama ya sumu, haikuwatisha watoto wa mji ule. Iliwakumbusha maharamia wa hadithi, na timu yao ya besiboli nayo iliitwa kwa jina la maharamia. Mwaka 1971 wakatoa alama nyingine, uso wa kijani uliokunja sura na kutoa ulimi kwa kinyaa. Wazo lilikuwa zuri, ingawa hata uso huo ulipopimwa miaka ya baadaye kwa watoto wadogo haukuonekana kuwazuia. Mtoto hufuata kinachong'aa. Chupa ya mafuta ya taa iliyobandikwa karatasi yenye herufi za damu ni chupa yenye picha nzuri, na pa kuiweka ni juu ya kabati lenye kufuli.

Alama mpya ya mionzi iliyotolewa mwaka 2007 na Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki pamoja na lile la viwango, ISO, inatufundisha zaidi. Ilipimwa kwa watu wa nchi 11, Kenya ikiwa mojawapo, kwa kuwa ile ya zamani yenye mapanga matatu haikumwambia kitu mtu asiyefundishwa maana yake. Mpya ina fuvu. Lakini fuvu halikuachwa peke yake: kando yake kuna mtu anayekimbia na mshale unaoonyesha njia. Mtazamaji haambiwi aogope tu; anaambiwa aondoke.

Jambo hilo lilikwisha kuthibitishwa zamani katika Chuo Kikuu cha Yale. Mwaka 1965 Howard Leventhal na wenzake waliwapa wanafunzi vijitabu juu ya pepopunda, vingine vyenye picha na maneno ya kutisha, vingine vya upole. Waliopewa vya kutisha walisema wameogopa zaidi. Lakini walipohesabiwa waliokwenda kudungwa sindano ya kinga, haikuwa hofu iliyowatenga waliokwenda na wasiokwenda. Miongoni mwa waliopewa maonyo matupu walikwenda kama asilimia 3. Miongoni mwa waliopewa pia ramani ya zahanati na saa za kufunguliwa, walikwenda kama asilimia 28. Tunawaomba wanachuo wasome tena tarakimu hizo mbili kabla ya kuchora bango lolote la afya. Kipindupindu kikiingia mtaani, mtoto anahitaji kujua maji huchemshwa vipi na mikono huoshwa lini, kwa herufi ambazo bibi yake pia ataweza kuzisoma.

Na huo ukimwi. Wagonjwa wa kwanza katika Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na mabango mengi ya miaka iliyofuata, hapa Afrika ya Mashariki na kwingineko, yalichorwa mafuvu, majeneza na mifupa. Huko Uingereza tangazo la televisheni la mwaka 1987 lilionyesha jina la ugonjwa likichongwa juu ya jiwe la kaburi. Hatuwalaumu waliofanya hivyo. Dawa hazikuwapo na watu walikuwa wakifa. Lakini tulioishi katika nyumba zenye wagonjwa tunajua mabango yale yaliwafanya majirani wamtazame mgonjwa kana kwamba yeye ndiye lile fuvu. Leo dawa zipo. Katika darasa la watoto 60 yawezekana kabisa yumo mmoja anayeishi na virusi, ambaye hunywa dawa zake kila siku, husoma, hucheza mpira na kukua kama wenzake. Yawezekana hata mwalimu hajui ni yupi. Mtoto huyo huketi mwaka mzima mbele ya maneno yanayochuruzika damu yakimwambia kwamba ana kifo mwilini. Tukiulizwa ni kwa sababu gani tumechukua kalamu juu ya jambo dogo kama sura ya herufi, jibu letu ni huyo.

Kuhusu matangazo ya nidhamu hatutasema mengi. Mwalimu anayeandika "Nyamaza" kwa herufi za damu amekwisha kukiri kwamba sauti yake haitoshi.

Basi zitumike wapi? Zitumike palipo na hadithi. Zimwi ni mwenyeji wa fasihi yetu simulizi tangu kale, na filamu za majini na mizimu zilizotoka Dar es Salaam tangu miaka ya 2000, kama vile Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi, zimeonyesha kwamba watu wetu hupenda kutishwa wakiwa wamekaa salama. Bango la mchezo wa kuigiza wa shule, jalada la kitabu ambacho darasa la sita limekitunga lenyewe, kichwa cha hadithi katika gazeti la ukutani: hapo ndipo mahali pake, na hapo hatungependa kumwona mwanachuo akiogopa kuzitumia. Hadithi ya zimwi iliyoandikwa kichwa chake kama ratiba ya vipindi ni hadithi iliyonyimwa haki.

Katika kuzitumia, kanuni ya kwanza ni uchache. Neno moja, au mawili, yabebe kitisho. Mengine yote yawe manyofu. Andikeni ZIMWI kwa ukubwa unaojaza theluthi ya karatasi ya manila, na chini yake, kwa herufi za kawaida, siku, saa na mahali pa mchezo. Anayepita ataogopa kwanza, kisha atajua aje lini. Herufi za kutisha zikitumika kuandika na saa ya kuanza, hakuna atakayefika kwa wakati. Liacheni neno lipumue; weupe ulioachwa pande zote hutisha kuliko mafuvu manne ya pembeni. Na kwa ukubwa, wachora vibao hukadiria kimo cha sentimita 2.5 kwa kila mita 3 za umbali. Kwa hiyo kichwa kitakachosomwa na aliyeketi nyuma ya darasa la mita 9 kisipungue sentimita 7.5. Baada ya kumaliza, mwanachuo asimame ukuta wa pili na afumbe macho nusu. Neno likisomeka hivyo, limekubaliwa.

Wasio na kompyuta hawana hasara; kwa maoni yetu wamebahatika, kwani herufi ya kutisha iliyochorwa kwa mkono huishinda ya mashine mara nyingi. Chora kwanza neno zima kwa penseli, herufi nyofu na nene, kati ya mistari miwili. Likisomeka, chagua namna moja tu ya kuliharibu: ama lichuruzike, ama litafunwe, ama lipasuke. Anayezitumia zote tatu hupata uchafu. Mwanachuo akichagua mchuruziko, michirizi miwili au mitatu kwa neno yatosha. Ianzie kwenye nyayo za vijiti vinene, isilingane urefu, na ncha yake iwe nene kidogo kuliko shingo, kama tone linalotaka kuanguka. Usiweke mchirizi ndani ya tundu. Usiguse sehemu ya juu ya neno, kwani jicho husoma zaidi kwa vichwa vya herufi kuliko kwa miguu yake, jambo ambalo kila mtu aweza kulihakikisha kwa kufunika nusu ya chini ya mstari wa gazeti, kisha nusu ya juu. Na herufi mbili zinazofanana zisiharibiwe sawasawa. Katika "MAMBA", zile M mbili zikichuruzika mahali palepale, jicho hugundua papo hapo kwamba hapana damu bali muhuri.

Namna ya Palladino ndiyo rahisi kuliko zote, nayo haihitaji kipaji cha kuchora. Andika neno kwa kalamu rashia nyeusi juu ya ukanda wa manila, ulikate kwa mkasi kwa mshazari kutoka mwanzo hadi mwisho, sogeza nusu ya juu kama milimita 5 upande mmoja, kisha gundisha juu ya karatasi nyingine. Kwa dakika 10 mmepata kichwa ambacho hakuna mtoto atakayekipita bila ya kukitazama.

Kuna pia somo zima ndani yake kwa darasa la tano na la sita, na hili tungependa lijaribiwe zaidi. Mwalimu aandike neno "Karibu" mara tatu: kwa herufi nyofu, kwa herufi za mviringo zilizonona, na kwa herufi zinazochuruzika. Aulize ni nyumba ya nani inayosema hivyo. Mahali tulipolijaribu, mwanafunzi mmoja alijibu kwamba ile ya tatu ni ya mtu anayekaribisha ili ale, wala si chakula. Kisha kila mtoto apewe neno lake, huyu "simba", huyu "sungura", huyu "usiku", alichore lisemavyo. Watakuwa wamejifunza kwamba maandishi hutaka kuwafanya wahisi jambo kabla hawajafikiri, elimu itakayowafaa siku watakapokutana na matangazo ya biashara na ya siasa.

Limebaki jambo la matumizi ya kila siku. Fonti kutopatikana kwa fedha hakumaanishi kwamba haina mwenyewe. Nyingi za kutisha zinazopakuliwa ovyo huruhusiwa kwa matumizi ya mtu binafsi tu, na shule inayouza tikiti za mchezo wake si mtu binafsi. Mwanachuo asome maelezo yaliyoambatana nayo. Creepster na Nosifer zina leseni ya wazi, nazo zaweza kuchapwa na kunakiliwa bila ya wasiwasi. Hata hivyo, katika kunakili kwenyewe tahadhari yahitajika. Matone madogo na mikwaruzo myembamba hupendeza kwenye kioo cha kompyuta, lakini nakala ya nakala huyageuza madoa. Ikiwa bango litapita katika mashine ya fotokopi ya shule zaidi ya mara moja, lichorwe kwa kingo nene, rangi nyeusi tupu juu ya karatasi nyeupe. Nyekundu hutoka kijivu, na karatasi nyeusi humaliza wino wa muhula mzima kwa siku moja.